Shimba: hesabu ya safari ianzie kwenye kupanda

Mhariri,

Likizo zikikaribia, magari ya matembezi kutoka Mombasa na Diani huelekea hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills, kaunti ya Kwale, kutazama maporomoko ya Sheldrick. Naomba nafasi niwafikie wanaopanga safari hizo. Wengi husikia ni kilomita mbili tu za kutembea, wakaona ni mchezo, na hapo ndipo wanapokosea.

Methali yasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Sheldrick ni kinyume chake. Kutoka Elephant Hill, kilima ambako matembezi huanzia, mnateremka, nguvu bado zipo na mazungumzo yamenoga. Bondeni maji yanaanguka mita 21. Watu wanaoga, wanakula, wanajisahau. Kazi inaanza wakati wa kurudi: tumbo limeshiba, jua liko utosini, na upepo wa bahari haushuki huko. Kwa vile hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, na mwili haupati kupoa. Anayezidiwa mara nyingi huanza kwa kuumwa kichwa, kisha ananyamaza ghafla. Mketisheni kivulini, mloweshe shingo na makwapa, mpeni maji kwa mafunda madogo. Msimhimize atembee. Akianza kuweweseka, hilo ni jambo la hospitali.

Kwa hiyo saa zipangwe kuanzia mwisho. Tengeni saa moja ya kushuka, nusu saa majini, saa moja na nusu ya kupanda. Anayetoka Mombasa kupitia Likoni na Kombani aondoke saa kumi na mbili alfajiri. Asubuhi ndiyo pia nafasi nzuri ya kumwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, kwenye nyasi za juu, na Kenya nzima mnyama huyu yuko Shimba pekee. Kiingilio kilipwe kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Kila mtu abebe lita mbili za maji, moja isiguswe mpaka wakati wa kupanda. Mlo mzito usubiri juu. Bondeni ndizi na karanga zatosha. Ndara ziacheni garini. Vaeni raba zenye meno, kamba zikazwe kwenye kifundo, la sivyo vidole vinasukumwa mbele kila hatua ya mteremko na kucha zinavilia damu. Soksi kavu za akiba ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwani soksi iliyolowa maporomokoni ndiyo inayochubua kisigino njiani. Suruali iwe ndefu, lakini isiwe ya buluu wala nyeusi: mbung'o wapo, na rangi hizo ndizo zinazowavuta.

Msishuke bila askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Huu ni msitu wa ndovu. Tembeeni mstari mmoja nyuma yake, bila muziki wa simu, maana yeye husikiliza tawi likivunjika kabla ya kumwona mnyama. Akiinua mkono mbele ya kinyesi ambacho bado kinafuka mvuke, simameni hapo hapo.

Wakati wa masika udongo huteleza, na maji yakigeuka ya kahawia mtu asirukie kidimbwini, kwa sababu mawe hayaonekani. Miezi mizuri ni Januari hadi Machi.

Nanyi waandalizi wa safari, kundi likifika langoni baada ya saa nane mchana, lipelekeni kwa gari kwenye vilele vya kutazamia. Maporomoko yaahirisheni.

Mpenda misitu,
Kwale