Kwa mdogo wangu ambaye bado hajapoteza pambano

Mdogo wangu,

Nasikia unawaambia watu kaka yako ana wivu. Haya. Simu zangu hupokei, ujumbe unasoma na kukaa kimya, kwa hiyo nakujibu hapa hapa mbele ya kadamnasi uliyoizoea.

Sijasema hujui kupigana hii MMA yetu, ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja. Ngumi yako ya kulia naijua kuliko kocha wako, maana niliionja mimi kabla yake. Nilisema umepaishwa. Jina lako limefika mahali ambapo mwili wako haujawahi kupelekwa, na waliolifikisha huko hawatapigwa wao.

Kimbo Slice unamkumbuka, wewe ndiye uliyekuwa ukinilazimisha kutazama zile video akipiga watu uani. Oktoba 2008 alitakiwa kupigana na Ken Shamrock. Shamrock akachanika juu ya jicho siku yenyewe, akaletwa Seth Petruzelli kutoka mapambano ya utangulizi. Sekunde 14, Kimbo kwisha. Ukalia, ukasema alihujumiwa. Hakuhujumiwa. Ngumi zake zilikuwa za kweli, ila alitangazwa kama mfalme akiwa bado mwanafunzi.

Sage Northcutt, kijana mwingine wa MMA aliyepaishwa mapema, naye alipewa vipindi na picha akiwa na miaka 19. Januari 2016 Bryan Barberena, aliyeitwa kuziba nafasi ya mwingine, akamkaba raundi ya pili akasalimu. Kijana alikuwa na mateke mazuri sana. Nani alikuwa amemlaza chini kabla ya hapo na kumkalia, apumue kwa shida, aone anafanyaje?

Ndivyo rekodi inavyopikwa. Promota anatafuta mtu aliyepoteza matatu mfululizo, anampigia simu dakika za mwisho, anajua atakuja kwa sababu ana kodi ya nyumba. Video inakatwa ibaki ile ngumi moja. Mashabiki wanaona ngumi, hawaoni aliyepigwa ni nani.

Mimi nilimwona yule uliyempiga wewe. Pambano limeisha, nilikuwa nakukata plasta mikononi, yeye yuko benchi la pili, glavu bado amevaa, hana hata mtu wa kumvua. Aliitwa wiki ileile, kilo akazikata kwa siku chache. Midomo ilikuwa imeshapasuka kwa ukavu tangu kwenye mizani, kabla hujamgusa. Wewe ukanyanyua simu kwa mkono uliokuwa huru, ukaanza kujirekodi, ukasogea kidogo ili naye aonekane nyuma yako. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: “Huyu ameshawahi kushinda lini?” Kocha akaanza kukunja taulo lililokwisha kukunjwa. Ukauchomoa mkono, mkasi ukabaki kwangu, ukasema, “Kaka, wivu utakuua.” Vijana wako wakacheka.

Glavu za yule bwana nilimvua mimi. Akanishukuru kana kwamba nimemkopesha pesa.

Najua utaniletea Francis Ngannou, yule mpiganaji wa uzito wa juu mwenye ngumi nzito, kila tukibishana unaniletea Ngannou. Mlete. Desemba 2017 alimlaza Alistair Overeem na watu wakaapa hakuna wa kusimama mbele yake. Mwezi uliofuata Stipe Miocic, aliyekuwa bingwa wakati huo, akamwangusha na kumchosha raundi tano, hadi mikono ikawa haiinuki. Baadaye akarudi amejifunza kuzuia kuangushwa, na subira pia, na mwaka 2021 akamlaza huyohuyo Miocic. Kwa hiyo unaponitajia Ngannou unanitajia mtu aliyepelekwa kwa mgumu akapigwa, akajifunza. Wewe wanakuficha.

Na Ronda Rousey, aliyekuwa bingwa wa wanawake, usimtie kwenye kapu hili la waliopaishwa, hapo tutakosana upya. Yule alikuwa na medali ya shaba ya judo ya Olimpiki 2008, mikono ya wanawake wenzake aliikunja kweli. Holly Holm alimsoma, akamwangusha kwa teke la kichwa. Kusomwa ni jambo jingine. Uwongo ulikuwa kwa waliomwambia kwamba ni bondia pia.

Nani alikuamsha alfajiri kabla hujawa na kocha wala meneja? Nani alishika saa huku ukitapika? Mtu wa wivu haamki saa hizo. Nilikuwa na haki ya kuuliza swali lile, na ningeuliza tena leo, chumba kilekile, vijana walewale wakisikia.

Yule mwanamieleka aliyekuomba pambano, mnayemwambia uzani haulingani, uzani wake unalingana, nimeuliza. Mkubalie. Atakuangusha raundi ya kwanza, pengine na ya pili. Ukisimama ya tatu nitakuwa wa kwanza kupiga kelele, nawe unajua nina sauti.

Na mama anataka kujua kwa nini hatusemezani. Mimi sikumwambia. Mwambie wewe, na ukifika kwenye ile simu usiruke.