Maembe yanaoza Magarini huku Ganze wakilala njaa

Mhariri,

Kila kiangazi kinapobana, mjadala wa njaa hapa Pwani hugeuka kuwa mjadala wa mahindi ya msaada: yatafika lini, yatagawiwa na nani, na ni jina la nani lililoachwa nje ya orodha. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi viongozi wetu watazame kinachotokea baina ya shamba na chungu, kwani hapo ndipo chakula chetu kingi kinapopotelea.

Msimu wa maembe ukichanganya, ngowe na boribo hurundikwa kando ya barabara za Magarini mpaka yakaanza kuvuja maji, na mkulima aliyeuza mwembe wake ungali na maua, kwa sababu karo haikumsubiri, hana tena la kujadiliana na dalali. Mvuvi wa Malindi naye akikosa barafu, adhuhuri huuza samaki kwa bei yoyote anayotajiwa. Wakati huohuo viazi na kabeji za sokoni zimetoka bara, na mafuta ya lori tunayalipia sisi walaji. Ganze, ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi, watu wanalala njaa.

Mwaka 2014 Serikali ilizindua mradi wa kilimo cha kunyunyizia maji wa Galana-Kulalu, na wengi tuliuwekea matumaini makubwa. Siupingi unyunyiziaji maji, hasa baada ya ukame ulioendelea hadi mwaka 2022, mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo. Hata hivyo, mahindi yakitiwa ghalani yakiwa na unyevu hushika ukungu wenye sumukuvu, na yaliyosalimika huliwa na mdudu dumuzi, hata yawe yamemwagiliwa kwa mto mzima wa Sabaki. Ghala kavu, kikaushio cha jua na mtambo wa barafu ni vitu vidogo visivyovutia sherehe ya uzinduzi, lakini naamini vingeokoa chakula mapema kuliko ekari mpya.

Soko pia lipo. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti kilimo, hospitali na shule za chekechea, na kote huko watu hula. Kaunti zetu 6 zingeweza kuagiza kwa pamoja muhogo wa Kilifi, mchele wa delta ya Tana na mahindi ya Mpeketoni, kwa mikataba ya vyama vya ushirika inayotiwa saini kabla ya kupanda na inayotaja bei pamoja na siku ya malipo. Hilo la malipo nalisisitiza, maana mkulima akizungushwa miezi mitatu atarudi kwa dalali, na hatakuwa na kosa.

Kifungu cha 43 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kwa hiyo nawaomba wawakilishi wa wadi watueleze hadharani, kabla ya kupitisha bajeti ijayo, ni fedha kiasi gani zimetengewa maghala na barafu, na katika wadi zipi.

Msomaji wako,
Malindi