Wazazi, tuwaachie watoto mpira wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wazazi wenzangu tunaosimama pembeni ya uwanja watoto wakicheza. Kelele zetu zimezidi. Mtoto mdogo akipokea mpira tu, watu wazima wanne wanamwamuru kwa pamoja: piga, toa pasi, rudi nyuma! Anauacha mpira mguuni, anamtazama baba yake. Hapo ameshanyang'anywa.

Sisi tuliijua soka kwenye chandimu, mechi za mtaani, bila kocha wala refa. Mpira tulifunga wenyewe: matambara katikati, mifuko ya plastiki juu yake, kisha kamba inazungushwa huku na huku na kukazwa kwa meno. Haukudunda wala haukuenda mbali, ikabidi kuukokota, na chenga tulizijulia hapo. Fundo likikaa vibaya, lilikuchubua kidole gumba. Tobo langu la kwanza, yaani kupitisha mpira katikati ya miguu, nilimpiga kaka mmoja mkubwa aliyekuwa haniangalii hata usoni. Uwanja mzima ulipiga ukunga, na tangu siku hiyo nikawa nachaguliwa mapema.

Goli lilikuwa mawe mawili. Mwamba wa juu haukuwapo, basi kila shuti la juu likawa kesi. Mfungaji anaapa limeingia, kipa ananyoosha mikono kuonyesha kimo chake, wote wanabishana. Ikishindikana, inapigwa penalti na mechi inaendelea, kwa kuwa kila mmoja alijua akigoma, mchezo umekwisha na yeye pia hachezi.

Wakubwa nao walianzia hukohuko. Sheria za kwanza za chama cha soka cha England, za mwaka 1863, hazikuwa na mwamba wa goli: mpira ukipita kati ya milingoti, hata juu kiasi gani, ni bao. Refa hakutajwa kabisa, na hakupewa mamlaka ya kuamua akiwa ndani ya uwanja hadi mwaka 1891. Hapo mwanzo wachezaji walisikilizana wenyewe.

Makocha wana kazi yao na ninawaheshimu. Ninachoomba kwa wanaoendesha timu za watoto ni nusu saa katika kila mazoezi isiyo na kipenga: watoto wagawane timu wenyewe, wapange goli wenyewe. Na sisi wazazi, wakianza kubishana kama ni bao au si bao, tubaki tumekaa.

Mzazi wa mwanasoka chipukizi