Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: kijana aliyezoea pombe apelekwe wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mwalimu wa ushauri nasaha katika skuli moja ya sekondari huku Kisauni. Ombi langu ni moja: mtoto aliyeanza kunywa pombe awe na mahali pa kutibiwa karibu na kwao.

Kwa sasa, mwanafunzi akipatikana amelewa husimamishwa masomo. Hunyang'anywa chupa ya soda aliyotilia pombe, mzazi huitwa akatia sahihi, kisha kijana hurudi kukaa nyumbani wiki mbili ilhali mamake yuko kibaruani EPZ, kwenye viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, tangu alfajiri na mangwe, yaani kilabu cha mnazi, iko uchochoro wa pili. Sijui ni nani aliyeona kwamba hiyo ni adhabu. Wenye uwezo huwapeleka watoto wao katika vituo vya kulipia, na huko mvulana wa miaka 15 aweza kujikuta akilala chumba kimoja na watu wazima walioathirika na heroini.

Wengi wa vijana hawa hawahitaji kulazwa. Wanahitaji mtu aliyefunzwa, atakayewauliza bila makaripio wanakunywa nini, lini na pamoja na nani, kisha awe na vikao kadhaa nao na wazazi wao, kazi ambayo muuguzi wa zahanati ya mtaa anaweza kuifanya akipewa mafunzo. Wachache, wale ambao mikono hutetemeka asubuhi mpaka wanywe, ndio wa hospitali. Hao wasifungiwe chumbani "mpaka iwatoke", kama wafanyavyo baadhi ya wazazi, kwa kuwa aliyezoea sana akiacha ghafla aweza kupatwa na kifafa na hata kufariki.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti huduma za afya za msingi na pia utoaji wa leseni za vileo, nayo sheria ya vileo ya mwaka huohuo inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Basi zahanati iandike kila kijana alinunua wapi, pasipo kutaja jina lake, na orodha hiyo ifike mezani kwa watoa leseni kabla leseni ya duka hilo haijafanywa upya. Mei 2024 kaunti ilipiga marufuku muguka, majani ya kutafuna jamii ya miraa, kwa kishindo. Pombe, ambayo tayari ina sheria yake, haijapata hata nusu ya kishindo hicho.

Nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, hupigwa bila malipo, na nimeibandika mlangoni pangu, lakini kijana anahitaji pia mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Zahanati moja katika kila mojawapo ya kaunti ndogo zetu sita, alasiri moja kwa wiki baada ya masomo, ingetosha kuanzia.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa ushauri nasaha, Kisauni