Babu hatakuachia

Mwanangu,

Naandika umeshalala. Asubuhi utaisoma mwenyewe. Neno likikutatiza, njoo jikoni uniulize.

Jana babu yako alikushinda bao mara ya nne mfululizo. Ulikuwa umeilinda nyumba yako, lile shimo lako kuu, kete zimejaa, uso umeanza kucheka. Akaila yote kwa mtaji mmoja, zamu moja tu ya kula kete. Ukamwaga kete mchangani, ukakimbilia ndani kulia. Babu akaingiwa na huruma, akaniambia kesho atakuachia ushinde. Nikamwambia asithubutu. Usinikasirikie, mwanangu. Kilio kile kilinifumbua macho kuliko ripoti zako zote: una miaka minane, na sijawahi kuona kitu kikikushinda kabla ya hapo.

Shuleni hesabu unazimaliza wenzio hawajapiga mstari. Halafu unachora boti za Kibirizi, hapa kwetu Kigoma, pembeni mwa daftari, unapiga soga, unaitwa mtundu. Siku ile nilipoitwa nilikugombeza njia nzima mpaka mtaa wa Mwanga. Uliniambia, "Mama, nachoka kungoja," nikadhani ni uvivu. Nilikosea. Nisamehe.

Mwalimu simlaumu, ana watoto zaidi ya 90 chumba kimoja. Jumatatu nilirudi kwake tukazungumza vizuri. Ukimaliza kazi utasoma kitabu cha darasa la tano, na kila Ijumaa atakupa hesabu za mafumbo. Alitaka pia uwe unawafundisha wenzako. Nikasema mara mojamoja sawa, ila si kila siku, maana na wewe umekwenda kusoma. Kukurusha darasa sijakubali kwanza. Marafiki zako wako hapo, na bado u mtoto.

Sasa lile swali lako la Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, ilizama vipi na bado tunayo. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, vita vilipowaelemea, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua. Tangu kuzamishwa hadi Waingereza kuiibua ni miaka minane, umri wako huo! Grisi ilisaidia nini? Sikuambii. Chukua misumari miwili mipya, mmoja uupake mawese hadi kichwani, kila mmoja uutie kwenye kikombe chake cha maji, uviweke dirishani. Kila siku uandike unachokiona, hata siku ambayo hukuona kitu. Ukikosea kukisia, uniambie pia, nitafurahi vilevile.

Babu atakuja jioni baada ya alasiri. Nimeokota kete 63 tu, moja imezama mchangani chini ya mwembe. Itafute kabla hajafika.

Mama yako