Umefunga LED, indiketa inakimbia: kagua flasha kabla ya kurudisha balbu dukani

Unatoa balbu za zamani, unaweka LED, unawasha indiketa ya kushoto, na mlio unakuja mbio mbio kama gari lina haraka kuliko dereva. Wengi hurudi dukani wakidhani wameuziwa feki. Mara nyingi balbu ni nzima. Kinachosumbua ni flasha, ile rilei ndogo inayokata na kurudisha umeme wa indiketa.

Flasha iliyokuja na gari inapima umeme unaopita ndani yake. Chukua gari dogo la kawaida la Kijapani: balbu ya mbele wati 21, ya nyuma wati 21, ya ubavuni wati 5. Hizo ni wati 47 kila upande, karibu ampea 4 kwenye volti 12. Balbu moja kubwa ikiungua zinabaki wati 26, umeme unashuka hadi ampea 2 na ushee, na flasha inaanza kukimbia kwa makusudi ili dereva ajue kuna taa imekufa. Sasa LED ya indiketa inakula wati 3 hadi 5 tu. Ukibadilisha ya mbele na ya nyuma, upande mzima haufiki ampea moja na nusu. Flasha haioni kama taa inawaka. Inaona umeme umepungua, basi.

Ndiyo maana kama indiketa ilikuwa ikikimbia upande mmoja hata kabla ya LED, usinunue flasha. Zunguka gari, utakuta balbu imeungua au ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) ya holda imeshika kutu.

Dawa tunayoipendelea ni kubadilisha flasha yenyewe na kuweka ya kielektroniki, inayohesabu muda badala ya kupima mzigo. Kuipata ni rahisi: washa hazadi (indiketa zote nne kwa pamoja), kisha sikiliza chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na boksi la fyuzi. Gusa rilei moja moja. Inayotikisa kidole kwa kila mpigo ndiyo yenyewe. Zima, ichomoe, hesabu pini. Magari mengi ya zamani yana pini 3 zenye herufi B, L na E: B ni moto unaotoka kwenye betri, L unaenda kwenye taa, E ni ethi. Toyota nyingi zina flasha ya pini 8, na hiyo haibadilishani na ya pini 3 kwa namna yoyote. Hata kwenye pini 3, usiangalie umbo peke yake. Kuna flasha mbili zinazoingia soketi moja huku mpangilio wa herufi ukiwa tofauti. Ukiiwasha hivyo, ukibahatika inakata fyuzi, usipobahatika flasha mpya inaungua hapo hapo.

Flasha ya aina hii ina gharama moja ambayo wauzaji hawaisemi: haitakuambia tena balbu ikifa. Itapiga mwendo ule ule hata taa ya nyuma ikiwa giza. Jizoeze kuwasha hazadi na kulizunguka gari kila wiki.

Kuna magari yasiyo na flasha ya kuchomoa. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya bodi, na mlio unaousikia unatoka kwenye spika ya dashibodi. Hapo ndipo inapohitajika rezista, kifaa kinachokula umeme ili kompyuta ione mzigo kama wa balbu ya zamani. Ya kawaida kwa volti 12 ni ya omu 6, wati 50, ile yenye ganda la alumini la rangi ya dhahabu. Ncha moja inaungwa kwenye waya wa moto wa indiketa, nyingine kwenye ethi, sambamba na balbu, siyo kwenye mstari wake. Haina kushoto wala kulia, ncha yoyote inakwenda popote. Anza na moja kila upande, kwa nyuma. Ikipiga sawasawa, huna haja ya kuongeza ya mbele.

Sasa joto. Injini ikiwa inawaka, volti ni kama 14, na rezista hiyo inatoa zaidi ya wati 32 kila taa inapowaka. Ukiharibikiwa njiani na kuacha hazadi nusu saa, ganda linaunguza kidole. Rezista iliyofungwa kwa tepu juu ya mkungu wa nyaya, au kulazwa juu ya plastiki ya taa, itayeyusha ilichokigusa. Ifunge kwa skrubu kwenye bati tupu la bodi, mbali na nyaya na zulia la buti. Viungio vya kubana vinavyotoboa waya havidumu. Lehemu, kisha vika mpira unaobana ukipashwa joto.

Wenye malori ya volti 24, usichukue rezista ya omu 6. Kwenye volti 28 itatoa wati 130, na hakuna ganda la wati 50 linalostahimili hilo. Tafuta ya karibu omu 25.

Balbu zinazouzwa kwa jina la CANBUS zina rezista ndani yake. Zinafaa wakati mwingine, lakini lile joto tulilolizungumzia sasa limefungiwa pamoja na LED ndani ya taa, na LED haipendi joto. Hatuziweki kwenye indiketa ila mteja akisisitiza.

Kuhusu balbu yenyewe, rangi iwe ya chungwa, hata kama kioo cha taa tayari ni cha chungwa. LED nyeupe nyuma ya kioo hicho inatoa njano iliyopauka, na mchana haionekani. Ikiwa ya T20, isiyo na chuma kwenye kitako, imegoma kuwaka, itoe uigeuze nusu duara: LED ina chanya na hasi. Zenye kitako cha chuma chunguza vijipini viwili vya pembeni. Vya PY21W, balbu ya indiketa ya chungwa, havitazamani sawasawa, kwa hiyo ile ya vijipini vinavyotazamana haiingii, usiitwange.

Pikipiki zina ugonjwa wao. Yenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi, ukiweka LED zote nne, ukiwasha kushoto, kulia nako kunapepesa. Umeme unapita kwenye kile kitaa kidogo kwenda upande wa pili, na LED zinatosheka na hicho kidogo. Kata waya mbili za kitaa, weka diodi 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila moja, mstari uliochorwa juu yake ukielekea kwenye kitaa, ziunge zote mbili kwenye ncha moja ya kitaa, kisha ncha ya pili ya kitaa ipeleke ethi.

Ukimaliza, hesabu mipigo kwa sekunde 30, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Kati ya 30 na 60 ni sawa. Rudia ukiwa umekanyaga breki na taa ndogo zimewashwa, maana ethi mbovu hujionyesha hapo. Ukituagizia flasha, tuma picha ya upande wa pini, herufi zionekane, pamoja na modeli na mwaka wa gari.