Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: Pesa Ikikatwa Isifike, Irudi Yenyewe

Kwako Mheshimiwa Gavana,
Benki Kuu ya Tanzania.

YAH: PESA ZINAZOKATWA BENKI NA KUTOFIKA KWENYE SIMU

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nakuandikia hadharani kwa sababu milango mingine nimeshabisha nimechoka, na Ijumaa iliyopita yamenikuta tena yale yale.

Jioni ile nilihamisha Sh1,600,000 kutoka akaunti yangu ya benki kwenda kwenye simu ya mvuvi ninayenunua mzigo kwake huko Ukerewe. Benki ikakata pesa, na makato yake juu. Kisha ukaingia ujumbe kwamba muamala wangu unashughulikiwa. Mvuvi akanipigia: mama, mbona kimya? Namwambia imeshatoka. Anaangalia salio, hakuna kitu. Usiku huo huo mzigo akamuuzia mwingine aliyefika na pesa mkononi. Simlaumu. Naye ana vibarua wa kulipa na mafuta ya injini ya kununua, hawezi kuwalipa kwa ujumbe wangu wa simu.

Pengine kwa mtu wa mshahara siku chache si kitu. Kwetu sisi, Mheshimiwa, dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unashushwa. Mbalamwezi ikishatawala, taa hazina kazi tena, na mitumbwi inakaa ufukweni mpaka giza lirudi. Pesa iliyokwama giza likiwa limeshika, hata ikirudi baadaye inarudi hakuna mzigo wa kununua. Wateja wangu wa kutoka Kongo hawanisubiri, wanapakia kwa mwenye gunia tayari. Nimepoteza mzigo wa mwezi mzima kwa pesa ambayo haikuibiwa na wala haikupotea, ipo mahali fulani, na hakuna anayetaka kuniambia ipo wapi.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa benki kabla hawajafungua. Nikaambiwa kwao imeshatoka, niende kampuni ya simu. Kampuni ya simu wakaangalia, wakasema kwao haijaingia, nirudi benki. Nikarudi. Nikapewa fomu nijaze tarehe, kiasi, namba ya mpokeaji na namba ya kumbukumbu ya muamala, yaani mambo yote ambayo wanayo wao wenyewe kwenye kompyuta iliyokuwa mbele ya macho yangu. Kisha nikaambiwa nisubiri siku saba za kazi. Nilipouliza zikipita hizo siku saba itakuwaje, binti wa dirishani akanitazama kwa huruma tu. Hakuwa na jibu, na sidhani kama kuna aliyewahi kumpa. Mwaka jana nilipigwa danadana hiyo hiyo kwa ada ya mtoto, akarudishwa nyumbani huku pesa ya ada nimeikatwa na risiti ninayo.

Nimelazimika kujifunza mambo ambayo si kazi yangu. Kijana mmoja wa hapa sokoni aliyesomea kompyuta alinieleza hivi: ukishathibitisha kwa namba ya siri, benki inakata pesa kwanza, ndipo inapeleka taarifa upande wa kampuni ya simu na kungoja jibu. Mtandao ukiyumba hapo katikati, jibu lisirudi kwa muda uliowekwa, benki inabaki haijui kama pesa imefika au haijafika. Haithubutu kuirudisha, maana huenda imeshaingia kwa mpokeaji ikawa imelipwa mara mbili. Basi muamala unawekwa pembeni mpaka pande zote mbili zilinganishe vitabu vyao.

Hapo nimeelewa, na sigombani na mitambo. Radi hupiga minara, umeme hukatika, hilo kila mtu analijua. Ninachogombania ni hicho kipindi cha kulinganisha vitabu. Hisia yangu ni kwamba mwisho wa wiki hakuna mtu anayelinganisha chochote, maana pesa zangu hukwama Ijumaa, au siku za mishahara mifumo inapozidiwa. Na nahisi pia kwamba wapo wanaosubiri mteja alalamike kwanza ndipo waanze kutafuta. Asiyejua kulalamika je? Bibi wa kisiwani ambaye mwanawe kamtumia Sh20,000, benki ya karibu ni mpaka apande boti kwenda Nansio, nauli na siku nzima vinaondoka, yeye ataifuata? Ataiacha. Ikiachwa inakaa kwa nani? Hili swali naomba ulijibu wewe, Mheshimiwa, kwa sababu mimi kila nilipoliuliza niliambiwa si idara yao.

Sisi hapa sokoni tumeshaanza kufundishana. Hifadhi ujumbe, usiufute. Andika namba ya kumbukumbu pembeni. Usirudie kutuma hata mpokeaji akulilie, mpaka uione taarifa ya akaunti yako, kwa sababu ya kwanza inaweza kuchelewa ikaingia na ya pili nayo ikaingia, na kumtoa mtu pesa iliyokwisha kuingia kwenye simu yake ni kesi nyingine. Haya tumefundishana wenyewe kwa maumivu, wakati mahali pake palikuwa kwenye ule ujumbe wa benki. Unaposema unashughulikiwa, useme pia unashughulikiwa na nani, mpaka lini, na nisipoona kitu nipige namba gani.

Nakukumbusha kwa heshima kwamba hii safari hatukujipeleka wenyewe. Tuliambiwa tuachane na pesa taslimu, tukaachana nazo. Tulifurahi kweli, maana kubeba maburungutu ndani ya boti katika ziwa lenye majambazi ni kubeba roho yako mkononi. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, ilikatwa tangu siku ya kwanza nchi nzima, na haikuhitaji mtu ajaze fomu. Benki Kuu imejenga TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaoziunganisha benki na kampuni za simu. Sheria ya Mifumo ya Taifa ya Malipo ipo tangu 2015, na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Mamlaka unayo na mfumo unao. Kwa nini basi pesa inakwenda kwa sekunde na kurudi kwa wiki?

Wenzetu wamelifanya hili. Septemba 2019 Benki Kuu ya India iliziagiza benki kwamba katika malipo ya papo kwa papo, pesa ikikatwa kwa mtumaji na isimfikie mpokeaji, irudishwe yenyewe isipite siku moja baada ya siku ya muamala. Ikipita hapo, mteja analipwa rupia 100 kwa kila siku ya kuchelewa, na anawekewa bila kuomba. India ina watu zaidi ya bilioni moja, na miamala yao kwa siku sisi hatuwezi hata kuikaribia. Kama wao wameweza kuliagiza, naamini na sisi tunaweza.

Hilo ndilo ombi langu. Toa agizo la namna hiyo. Pesa ikikatwa isifike, irudi yenyewe kesho yake, iwe Jumamosi, iwe Jumapili, iwe sikukuu, pamoja na makato yake. Ikichelewa, anayeishikilia amlipe mteja kwa kila siku. Na benki na kampuni ya simu wajuane wao kwa wao kosa ni la nani, wakati mimi nimeshapata pesa yangu nimerudi sokoni. Siku ambayo kuchelewa kutawagharimu wao, nina hakika vitabu vitalinganishwa hata usiku wa manane.

Najua una mengi, kuna riba, kuna dola, kuna mfumuko wa bei. Lakini wenzangu watatu wa meza za jirani wamesharudi kusafiri na pesa taslimu kwenda visiwani, mmoja wao ana mtoto mchanga. Likiwapata la kuwapata, naomba isisemwe kwamba Benki Kuu haikuambiwa.

Mpaka naandika barua hii Sh1,600,000 yangu haijarudi. Naomba agizo, Mheshimiwa, na naomba ulitangaze hadharani kama nilivyoomba hadharani, ili yule bibi wa kisiwani naye alisikie redioni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza.